Nishati Safi kwa Bei ya Kopo: Mwongozo kwa Ushirika Unaotaka Kuzifikia Kaya Duni

Mkaa unaendelea kutawala majiko ya mijini kwa sababu moja kubwa: unauzwa kwa kopo. Mama aliyerudi jioni na shilingi elfu mbili za faida ya vitumbua hununua kopo la mkaa, hubandika ugali na mboga, na siku ikaisha. Mtungi wa gesi haukubali mpango huo, kwa kuwa anayetaka kuujaza hutakiwa kufika dukani na fedha zote kwa mkupuo, na jiko la umeme nalo halikatwi vipande. Matokeo yake ni kwamba kaya inayoishi kwa kipato cha siku hujikuta, mwezi unapoisha, imetumia kwa mkaa fedha ambazo zingetosha kujaza gesi au kununua umeme wa kupikia, na pengine zikabaki. Ilichokosa ni siku moja tu ya kuwa na fedha hizo zote mkononi.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, hasa ikikumbukwa kwamba kwa takwimu zinazotolewa na Serikali watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Lakini asilimia 80 inaweza kutimia huku wajane, wazee wanaolea wajukuu, watu wenye ulemavu, wapangaji wa chumba kimoja na vibarua wa mashambani wakiwa wote wamebaki ndani ya ile asilimia 20. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi na wanachama wa SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima wa mazao), VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopeshana) na vikundi vya kina mama ambao hawataki hilo litokee katika kijiji au mtaa wao. Kazi ya ushirika katika jambo hili, kwa maoni yangu, ni kuichukua gharama inayodaiwa kwa mkupuo na kuigeuza iwe kopo.

Tumieni chama kilichopo

Vikundi vingi hushawishika kuanzisha chama kipya cha nishati, chenye jina jipya na muhuri mpya. Msiende huko haraka. Chama kipya hudai katiba, usajili, akaunti, uchaguzi na ukaguzi wa hesabu kabla hakijamsaidia mtu hata mmoja, ilhali tayari mtaani kwenu kuna watu wanaokutana kila wiki, wanaoaminiana na wenye daftari. SACCOS na AMCOS huendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. VICOBA na vikundi vinavyofanana navyo viliwekwa katika daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wao hupitia halmashauri. Ikiwa chama chenu kimesajiliwa katika mojawapo ya njia hizo, kinachohitajika ni azimio la mkutano mkuu la kuanzisha mfuko wa nishati, wenye masharti yake yaliyoandikwa na daftari lake lisilochanganywa na la mikopo mingine. Ikiwa hakijasajiliwa, kamilisheni usajili kwanza, kwa sababu bila huo hamtaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Waliozoea VICOBA hawataliona wazo hili kuwa geni. Katika kila kikao mwanachama hununua hisa, kisha hutoa mchango wa jamii, zile fedha kidogo zinazomsaidia aliyefiwa au aliyelazwa hospitali. Mfuko wa nishati ni ndugu wa mfuko wa jamii, ila fedha zake hurudi na kumwendea mwingine.

Kumtafuta asiyekuja kikaoni

Hapa ndipo panapotaka uangalifu kuliko mahali pengine popote, na ndipo mipango mingi mizuri inapokwenda kombo bila mtu kukusudia. Wanachama wa kikundi cha akiba kwa kawaida si watu wenye hali ngumu kuliko wote mtaani. Anayeweza kununua hisa kila wiki tayari ana kitu kinachobaki baada ya kula. Mkiamua kwamba majiko yatakopeshwa kwa wanachama hai peke yao, mtakuwa mmewasaidia watu wanaostahili, lakini kaya iliyo duni kabisa haitafikiwa.

Anzeni na watu wanaoijua mitaa yao: mjumbe wa shina, mtendaji wa kijiji au wa mtaa, afisa maendeleo ya jamii wa kata na wahudumu wa afya ya jamii. Orodha ya walengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, ni mwanzo mzuri, ingawa haipaswi kuwa mwisho, kwa kuwa kuna kaya zilizoanguka baada ya orodha kuandikwa: nyumba ambayo baba amepata kiharusi, msichana aliyejifungua na kuhama kwao, mpangaji aliyefika mjini baada ya mifugo yake kufa kwa ukame. Baada ya kupata majina, nendeni watu wawili wawili, mmoja wao awe mwanamke, na mfike wakati wa kupika badala ya wakati wa mapumziko. Mkiwa pale mtaona kwa macho yenu kile ambacho hakuna fomu inayokiuliza, kwamba mpishi wa nyumba ni bibi wa miaka 75 asiyeona vizuri, au kwamba kaya nzima hupikia chumba kilekile inacholala.

Mambo ya kuuliza ni machache. Mnapikia nini, na kwa siku mnakinunua kwa shilingi ngapi? Nani anapika? Umeme upo, na mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani? Fedha huingia lini: kila siku, kila wiki, kila mwezi, au baada ya mavuno? Ombeni kaya iandike, au mtoto anayesoma awaandikie, kila shilingi ya mkaa, kuni, mafuta ya taa na viberiti kwa siku saba. Daftari hilo la juma moja lina thamani kuliko makisio yoyote, kwa sababu ndilo litakalowaonyesha kiwango cha marejesho ambacho kaya inaweza kukibeba bila kulala njaa.

Stara ya watu ilindwe. Majina ya kaya zinazosaidiwa yasisomwe kwenye mkutano wa hadhara, bali yatunzwe na watu watatu waliochaguliwa, na mkutano mkuu upewe idadi na hesabu. Sikubaliani hata kidogo na ile desturi ya kuwapanga wazee mbele ya bango, kila mmoja akiwa ameshika mtungi, ili wapigwe picha. Mtu anayekopa na kulipa ni mwanachama, na picha ya namna ile humwambia yeye na majirani zake kwamba ni ombaomba.

Uanachama nao urekebishwe ili mlango uwe wazi kweli. Kiingilio cha kaya duni kinaweza kulipwa na mfuko na kurejeshwa kidogo kidogo, na hisa inaweza kugawanywa nusu au robo, lakini kura isigawanywe: mwanachama mmoja, kura moja, kama misingi ya ushirika inavyotaka. Mkutano ufanyike saa ambayo kibarua na mama lishe wanaweza kufika. Katika kamati ya mfuko wawemo angalau wawili wanaotoka katika kaya hizo, kwa kuwa wao ndio watakaosema mapema kwamba sharti fulani linaonekana dogo kwenye karatasi lakini nyumbani halibebeki.

Umeme, gesi, au vyote viwili

Watu wengi huamini kwamba kupikia umeme ni anasa. Kwa kaya yenye matumizi madogo, bei zilizoanza kutumika mwaka 2016 zinaonyesha vingine. Mteja wa kundi la D1, yaani la watumiaji wadogo wa nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ya asilimia 1, uniti ndani ya zile 75 hugharimu shilingi 122 na inayozidi hugharimu shilingi 427. Sasa litazameni jiko la presha la umeme la wati 1,000. Likiwaka mfululizo saa nzima litakula uniti moja, lakini halifanyi hivyo, kwa maana likishapata presha hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi huku joto likihifadhiwa ndani. Ndiyo maana sufuria ya maharage, ambayo kwenye mkaa huweza kuchukua saa tatu, huiva humo kwa chini ya uniti moja, yaani kwa chini ya shilingi 122.

Fanyeni hesabu ya kila kaya kwa peke yake kabla ya kuishauri. Kaya inayotumia uniti 20 kwa mwezi kwa taa, simu na redio, ikiongeza uniti 30 za kupikia, itafika uniti 50 na nyongeza yake itakuwa shilingi 3,660. Kaya inayotumia uniti 60 kwa sababu ina friji ya kuuzia barafu itafika uniti 90. Uniti 15 za kwanza za nyongeza zitagharimu shilingi 1,830 na 15 zilizovuka mpaka zitagharimu shilingi 6,405, jumla shilingi 8,235. Mteja anayevuka uniti 75 mara kwa mara anaweza kuhamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambalo uniti yake ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo na takriban shilingi 356 baada yake, na huko uniti 30 zitamgharimu karibu shilingi 10,700, huku zile 60 za mwanzo nazo zikihesabiwa kwa bei hiyo hiyo. Hata nyongeza hiyo yote, ikilinganishwa na daftari la mkaa la juma moja likizidishwa kwa wiki nne, mara nyingi itaonekana ndogo. Lakini kaya iambiwe ukweli wote mapema, isije ikashtuka siku LUKU inapoisha kabla ya mwezi.

Jiko la presha lina mipaka yake. Kusonga ugali ndani yake ni taabu, chapati haziwezekani, na umeme ukikatika jioni chakula hubaki kibichi. Lisichanganywe pia na sahani ya umeme ya koili, ambayo bei yake ni rahisi dukani lakini hupoteza joto jingi na kumaliza uniti haraka. Kwa hiyo pendekezo langu kwa kaya nyingi za mjini ni jiko la presha kwa vyakula vinavyochukua muda mrefu, yaani maharage, makande, nyama na supu, pamoja na mtungi mdogo wa gesi kwa ugali, chai na vyakula vya haraka. Mtungi wa kilo 6 ukisaidiwa hivyo hudumu muda mrefu zaidi, na kadiri unavyodumu ndivyo kaya inavyopata nafasi ya kukusanya fedha za kuujaza tena.

Kijijini ambako umeme umefika, gharama ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 huwa si kikwazo kikubwa kama ile ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili ulizieni kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho huwezesha nyumba kupata umeme bila kutandaziwa nyaya. Hata hivyo fundi athibitishe mzigo kinachoweza kubeba kabla ya kuchomeka jiko lolote. Kwa upande wa gesi, Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa na mpango wa kuuza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na halmashauri yenu ndiyo itakayowaambia kama mgao wa wilaya bado upo.

Wafugaji wana njia yao. Kaya yenye ng'ombe wawili au zaidi wanaofugwa zizini na yenye maji karibu inaweza kupata gesi ya kinyesi, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, kimekuwa kikieneza mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Gharama ya ujenzi ni kubwa na mtambo hudai kulishwa kila siku, hivyo usimfungie bibi anayeishi peke yake. Kwake yeye kikapu cha kuivishia kinafaa zaidi: kapu lililojazwa matambara, sufi au majani makavu, ambamo sufuria ya maharage yaliyolowekwa usiku na kuchemka vizuri huwekwa na kufunikwa ili yaendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Kina mama wa kikundi wanaweza kukishona kwa siku moja.

Kuigeuza gharama iwe kopo

Mkopo utolewe kwa kifaa, si kwa fedha taslimu. Sisemi hivyo kwa sababu maskini hawaaminiki. Ni kwamba fedha taslimu zikiingia kwenye nyumba yenye shida kumi zitakwenda kwenye shida inayopiga kelele zaidi, na hakuna wa kumlaumu anayenunua dawa ya mtoto kabla ya jiko.

Tuchukue mfano. Kikundi kina wanachama 30, na kila mmoja anachangia mfuko wa nishati shilingi 1,000 kwa wiki. Fedha za wiki ni shilingi 30,000, na ikiwa jiko la presha linauzwa shilingi 150,000, baada ya wiki tano jiko la kwanza limepatikana. Kwa mwaka mzima wa wiki 52 michango hiyo hufika shilingi 1,560,000, yaani majiko 10, kabla ya kutenga akiba ya hasara nitakayoieleza hapa chini na kabla ya kuhesabu marejesho ambayo hununua mengine. Kaya iliyokopeshwa jiko na iliyokuwa ikitumia shilingi 2,000 kwa siku kwa mkaa inalipa shilingi 1,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na baada ya wiki 25 imemaliza bei ya jiko. Kanuni ninayoishauri ni kwamba marejesho ya siku yasizidi nusu ya kile kaya ilichokuwa ikitumia kwa mkaa kwa mujibu wa daftari lake. Nusu inayobaki itanunua umeme, na itaziba siku ambazo mkaa bado utahitajika, kwa maana siku hizo zitakuwepo.

Jihadharini na riba. Baadhi ya vikundi hutoza asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni la awali kwa mazoea tu. Kwenye jiko la shilingi 150,000 mazoea hayo huongeza shilingi 15,000 kila mwezi, na kwa miezi sita shilingi 90,000, na kwa bei hiyo mkaa unakuwa umeshinda tena. Ada moja ya asilimia 5, inayotozwa mara moja ili kulipia nauli, daftari na matengenezo, inatosha.

Suala la dhamana nalo linahitaji fikra mpya. Utaratibu uliozoeleka wa watu watano kudhaminiana humtenga mtu tuliyetoka kumtafuta, kwa sababu hakuna anayetaka kumdhamini mjane asiye na kipato cha uhakika. Badala yake mfuko wenyewe uwe mdhamini: sehemu ya kumi ya michango itengwe kuwa akiba ya hasara, na mkutano mkuu ukubali tangu mwanzo kwamba baadhi ya madeni hayatalipwa yote. Ndani ya mkataba ziandikwe pia wiki nne za nafuu, ambazo mkopaji anaweza kuzichukua akiugua, akifiwa, au mvua zikifunga vibarua, kwa kutoa taarifa peke yake, bila kusimama mbele ya kikao kujieleza. Na jiko lisinyang'anywe. Jiko lililochukuliwa kutoka mikononi mwa mpishi halina thamani kubwa sokoni, lakini habari zake huenea mtaa mzima, na baada ya hapo hakuna kaya duni itakayothubutu kukopa.

Kwa gesi, kazi kubwa zaidi huanza mtungi wa kwanza unapokwisha. Tuseme kujaza ni shilingi 24,000 na mtungi wa kaya hudumu siku 30. Kopo la gesi la kaya hiyo ni shilingi 800 kwa siku. Mwanachama aliyeteuliwa azikusanye kila jioni au kila juma, aziandike kwenye kadi inayobaki kwa mpishi na kwenye daftari la mweka hazina, na aziweke kwenye akaunti ya simu ya kikundi ambayo haitoi fedha bila idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Siku mtungi unapoisha na akiba imefika shilingi 20,000, mfuko ujazie 4,000 palepale na kuzidai baadaye. Bila mpango huu mtungi hurudi chini ya kitanda na jiko la mkaa hurudi uani.

Mwisho wa mwaka, kikundi kinapovunja mzunguko na kugawana akiba, mfuko wa nishati usivunjwe. Hilo liandikwe kwenye masharti tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Desemba kila mtu anawaza ada na sare za shule za Januari, na hapo mfuko wowote usiolindwa kwa maandishi huonekana kama fedha iliyolala.

Vyama vya mazao vina nafasi ya pekee, kwani mkulima wa korosho wa Mtwara au wa kahawa wa Kagera hupata fedha zake nyingi kwa msimu. AMCOS inaweza kumkopesha kifaa wakati wowote na kukata deni kwenye malipo ya mazao. Lakini wakulima wana sababu nyingi za kuogopa neno makato. Idhini iwe ya maandishi, kiasi kitajwe kwa shilingi, makato yaonekane kwenye mstari wake katika stakabadhi, na anayetaka kulipa mwenyewe kwa mkono aruhusiwe. Ruzuku ya TASAF isiguswe kabisa: anayeipokea alipe kwa hiari yake kutoka kipato chochote alicho nacho, na asilazimishwe kusimama kwenye foleni ya malipo huku mweka hazina akimsubiri nje.

Kuna wafadhili na kampuni ambazo hutoa majiko bure au kwa bei ndogo ili zipate haki za kuuza viwango vya hewa ukaa, yaani kiasi cha hewa hiyo kilichopunguzwa kwa kuacha mkaa na kuni. Si jambo baya, ila mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama, nao uonyeshe nani anamiliki haki hizo, kwa miaka mingapi, na kaya inapata nini. Biashara hiyo ina kanuni zake za mwaka 2022 na huratibiwa na kituo cha taifa kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Afisa mazingira wa halmashauri atawasaidia kuhakiki kabla hamjatia saini.

Kununua kwa macho na mizani

Nguvu ya ushirika dukani ni idadi. Kaya moja ikienda kununua jiko hupokea bei ya rafu; kikundi kikiagiza majiko 10 kinaweza kudai bei ya jumla, waranti iliyoandikwa, vipuri kama mpira wa mfuniko, na siku moja ya mafunzo. Kwa gesi, fungeni makubaliano na wakala mwenye leseni awaletee mitungi kwa zamu, wala msigeuze chumba cha mwenyekiti kuwa ghala la gesi.

Nunueni mizani ya kuning'iniza. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukijumlisha kilo 6 za gesi mnapata uzito unaotakiwa kuonekana. EWURA huwataka wauzaji wawe na mizani dukani, lakini mzee anayetuma mjukuu hawezi kubishana na muuzaji, na mizani ya kikundi inambishania. Upungufu wa nusu kilo kwenye mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya siku mbili za chakula.

Siku ya kukabidhi kifaa, fundi apike pamoja na mpishi halisi wa kaya, kwa sufuria zake na maharage yake. Mtungi usimame wima mahali penye hewa, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, chumbani pasipo na upenyo. Viungio vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Kwa umeme, soketi na waya vikaguliwe na fundi anayetambulika, na gharama za kubadilisha soketi moja ziingizwe kwenye mkopo, badala ya jiko la wati 1,000 kuchomekwa kwenye waya mwembamba wa kurefusha uliounganishwa kwa plasta.

Mpangaji na mita ya mwenye nyumba

Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU huvuka uniti 75 hata kabla mtu hajapika, kwa hiyo wapangaji wake hawapati ile bei ya shilingi 122, ingawa kila mmoja wao angestahili kama angekuwa na mita yake. Juu ya hapo mita hukatwa kodi ya jengo ya shilingi 1,500 kila mwezi, na mara nyingi anayenunua umeme kwanza ndiye anayeibeba. Mpangaji mmoja akinunua jiko la umeme, wenzake hunung'unika kwamba anawamalizia uniti, na wana haki.

Mpangaji peke yake hawezi kulitatua hili, kikundi kinaweza. Kaeni na mwenye nyumba mkiwa na hesabu. Mita ndogo za ndani kwa kila chumba humaliza ugomvi wa nani ametumia kiasi gani, na mfuko unaweza kuzinunua kwa mkopo unaorejeshwa na wapangaji wote kwa pamoja. Mwenye nyumba aandike kwamba hatapandisha kodi kwa sababu hiyo kwa muda mtakaokubaliana, na kwamba mpangaji anayehama ataondoka na jiko lake. Pale mwenye nyumba anapokataa katakata, msilazimishe umeme. Mpangaji huyo apewe mpango wa gesi na kapu la kuivishia.

Kufuatilia baada ya kukabidhi

Idadi ya mitungi iliyogawiwa haiwaambii chochote kuhusu mafanikio. Hesabuni kaya zilizojaza mara ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa umeme, ulizeni kaya ilinunua uniti ngapi mwezi uliopita na mkaa wa shilingi ngapi, kisha linganisheni na daftari la juma la kwanza. Tembeleeni kila kaya mara mbili katika mwezi wa kwanza na mara moja katika kila miezi miwili inayofuata, na anayetembelea awe mpishi mwenzake, kwa maana mpishi ataona kwamba sufuria ya jiko la presha imekauka kabatini kwa sababu mpira wa mfuniko ulipasuka na mwenyewe aliona haya kusema.

Mkikuta kaya imerudi kwenye mkaa, ulizeni sababu na kuiandika kama ilivyotamkwa. Mara nyingi jibu litakuwa dogo na lenye dawa: mtoto aliyekuwa akisoma vitufe amekwenda shule ya bweni, mpira wa gesi umeliwa na panya, fedha za kujaza zimekwenda kwenye matanga. Mkutano unaofuata usikie sababu hizo bila majina, na kamati ije na jibu lake kabla ya kaya nyingine haijakopeshwa.